Ufunguo Mpya wa Gari: Haki Zako Huanza Kabla Fundi Hajafungua Mkoba

Aliyepoteza ufunguo wa gari huwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo inayomponza. Gari limekwama kwenye maegesho ya soko, mvua inanyesha au giza linaingia, na mtu anayeweza kumwokoa ni fundi wa funguo ambaye hajawahi kumwona, ambaye namba yake ameipata kwenye kibandiko ukutani au kwa rafiki wa rafiki. Katika hali hiyo wengi hukubali chochote: bei isiyotajwa, kazi isiyoelezwa, fundi asiyejulikana jina. Baadaye, ufunguo unapokataa kuwasha gari au malipo yanapopanda maradufu, ndipo huuliza sheria inasemaje. Sheria ya Kenya inasema mengi, tena mengi ya kumfaa mwenye gari. Ila ulinzi wake unategemea sana kilichosemwa, kilichoandikwa na kilichoonyeshwa kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana safu hii inasisitiza jambo moja: maswali ambayo fundi anapaswa kukuuliza, na yale unayopaswa kumuuliza wewe, ndiyo haki zako zenyewe. Usiyaone kuwa usumbufu unaochelewesha kazi. Anayeyaruka ili aokoe dakika kumi hujinyima silaha ambayo angeihitaji mambo yakiharibika.

Ili kuona kwa nini maswali hayo yana uzito, ni vyema kuelewa fundi anafanya nini hasa. Zamani ufunguo wa gari ulikuwa chuma tu: ukichongwa sawasawa, gari linawaka. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wakaanza kutia chipu ndogo ndani ya kichwa cha ufunguo, na kufikia 1998 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeufanya mfumo huo kuwa wa lazima kwa magari mapya. Chipu hiyo haihitaji betri. Ufunguo unapoingizwa kwenye swichi, koili inayoizunguka swichi huipa chipu nguvu kidogo, chipu hujibu kwa utambulisho wake, na kompyuta ya gari huruhusu injini iwake ikiutambua. Magari mengi yanayoingia Kenya ni yaliyotumika, hasa kutoka Japani, na kanuni haziruhusu kuingiza lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo magari yanayoletwa siku hizi kwa kawaida huwa na chipu, na mengine yana rimoti ya kuwashia kwa kubonyeza kitufe. Fundi anayekufuata ulipo huja na mashine ya kuchonga chuma na kifaa cha kuchomeka kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, ambacho kwacho huiambia kompyuta ya gari iukubali ufunguo mpya. Kwa maneno mengine, anaandika upya orodha ya wenye ruhusa ya kuliwasha gari. Hakuna fundi mwingine wa barabarani unayemkabidhi mamlaka makubwa kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho.

Fundi anayekuuliza gari ni la nani anakulinda

Swali la kwanza ni lile ambalo wateja wengi hulichukia: thibitisha kuwa gari ni lako. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe, isipokuwa kinyume chake kithibitishwe. Maneno hayo yana pande mbili. Upande mmoja yanampa fundi kipimo chepesi: alinganishe jina lililo kwenye logibuku na kitambulisho chako cha kitaifa, kisha alinganishe namba ya chasisi iliyo kwenye hati na ile iliyo kwenye gari lenyewe, kwa kuwa namba ya usajili ni kibati tu kinachoweza kubadilishwa kwa bisibisi. Upande wa pili, maneno "isipokuwa kinyume chake kithibitishwe" yanakubali kwamba jina kwenye logibuku si mwisho wa mjadala. Aliyenunua gari na bado hajabadilishiwa umiliki anaweza kuonyesha mkataba wa mauzo, rekodi ya malipo na cheti cha bima chenye jina lake. Aliyekopa benki, ambaye logibuku yake ina jina la benki pamoja na lake, anabaki kuwa mtumiaji halali wa gari hilo na anaweza kuonyesha rekodi yenyewe. Dereva wa kampuni aje na barua ya mwajiri na namba ya simu ya ofisi inayoweza kupigwa papo hapo. Gari la marehemu ni la mirathi: anayestahili kuagiza ufunguo ni yule aliyepewa na mahakama mamlaka ya kusimamia mali, na kuwa mtoto mkubwa wa familia hakutoshi.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumgeuza fundi kuwa askari, na kwamba mtu aliyekwama barabarani usiku hapaswi kuhojiwa kama mshukiwa. Pingamizi hili lina ukweli wake. Fundi hana mamlaka ya polisi: hawezi kukuzuia, kukupekua wala kulichukua gari. Lakini ana haki ya kukataa kazi, na ana sababu nzito ya kuitumia haki hiyo. Kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha hadi miaka saba kwa wizi wa gari, na kifungu cha 322 kinamgusa pia anayesaidia mali ya wizi kuhamishwa au kufichwa huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa. Fundi aliyetengeneza ufunguo bila kuuliza lolote atapata shida kueleza kwa nini hakuwa na sababu ya kushuku. Lakini sababu kubwa zaidi inakuhusu wewe. Fundi asiyekuuliza wewe hatamuuliza mwingine yeyote. Kesho mtu akisimama kando ya gari lako na kudai amepoteza ufunguo, kitakachosimama kati yake na gari ni lile swali ambalo leo unalihesabu kuwa dharau. Kwa hiyo unapopiga simu na fundi akakuambia uandae kitambulisho na logibuku, lihesabu hilo kuwa sababu ya kumwamini. Akisema "hakuna haja ya karatasi, nitumie tu pesa ya mafuta," tafuta fundi mwingine.

Pingamizi la pili ni la kiutendaji: vipi kama hati zimefungiwa ndani ya gari? Hapa yatofautishwe mambo mawili ambayo wateja wengi huyachanganya, yaani kufungua mlango na kutengeneza ufunguo. Mlango ukifunguliwa mbele yako, gari bado haliwezi kuwaka, na hatari ni ndogo. Fundi mwangalifu anaweza kukubali kuufungua baada ya kuona kitambulisho, kisha mkachukua hati zilizo ndani na kuzilinganisha kabla hajagusa kompyuta ya gari. Kama logibuku iko nyumbani au benki, rekodi za usajili zinapatikana kupitia tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, iliyounganishwa na eCitizen, na mmiliki anaweza kuifungua akaunti yake kwa simu akiwa pale pale. Wanandoa wanaogombana ni suala jingine. Mmoja akitaka ufunguo wa gari lililosajiliwa kwa jina la mwenzake, fundi hana uwezo wa kuamua mali ni ya nani. Hiyo ni kazi ya mahakama, na jibu la busara ni kukataa hadi pande zote zikubaliane au amri itolewe. Mteja anayekataliwa katika hali hiyo hajaonewa.

Bei husemwa kabla, na sheria hushikilia iliyosemwa

Swali linalofuata ni lako kwa fundi: utafanya nini, na jumla yake ni kiasi gani? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, habari za kumwezesha kunufaika na huduma hiyo, ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Kifungu hicho kinasema wazi kuwa haki hizo zinazihusu huduma za watu binafsi sawa na za serikali. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ndiyo iliyozipa haki hizo meno. Inasema kwamba makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma hawezi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Chukua mfano wa kubuni: fundi amekuandikia kwenye WhatsApp kwamba kazi yote ni shilingi 12,000. Akimaliza, hawezi kisheria kudai zaidi ya shilingi 13,200, hata kama kazi ilimchukua muda mrefu kuliko alivyotarajia. Lakini kama hukuuliza, na yeye hakusema, hakuna makadirio ya kushikilia, na asilimia hiyo 10 inakosa cha kuhesabiwa juu yake.

Sheria hiyo hiyo ina sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari, na wengi hawaijui. Mkarabati hapaswi kutoza kazi bila kwanza kutoa makadirio, isipokuwa mteja amekataa mwenyewe kupewa makadirio na badala yake ameidhinisha kiwango cha juu cha malipo ambacho hakitapitwa. Hapaswi kutoza kazi ambayo mteja hakuiidhinisha. Vipuri alivyovitoa anapaswa kumrudishia mteja. Kwa hiyo akibadilisha swichi au kitasa, cha zamani ni chako, na ni ushahidi wako. Vipuri vipya alivyovifunga, pamoja na kazi ya kuvifunga, huwa na dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia, iwe fundi ameitaja dhamana hiyo au hakuitaja. Anayesema "kazi ya funguo haina dhamana" anasema kitu ambacho sheria haimruhusu kusema, kwa maana haki zilizowekwa na sheria hii haziondolewi na makubaliano ya pande mbili wala na tangazo lililochapishwa kwenye risiti.

Huenda fundi akajibu kwamba sehemu hiyo ni ya gereji zenye ukuta na bango, wala haimhusu mtu wa pikipiki na mkoba. Jibu limo katika maana ambayo sheria yenyewe imempa mkarabati: mtoa huduma anayefanya kazi kwenye magari au kuyakarabati. Haitaji ukuta wala bango. Anayechomeka kifaa kwenye kompyuta ya gari na kubadilisha kilichomo anafanya kazi kwenye gari kwa maana yoyote ya kawaida ya maneno hayo. Hata kama hakimu angekuja kuamua kwamba kuchonga chuma pekee si ukarabati, bado sehemu za jumla za sheria hiyo, zile za ubora wa huduma, makadirio na vitendo visivyo vya haki, zinamhusu kila anayemhudumia mtumiaji kwa malipo. Na pale maneno ya makubaliano yanapokuwa na utata, sheria inaagiza yasomwe kwa namna inayomfaa mtumiaji.

Ni haki kumsikiliza fundi pia, kwa sababu malalamiko yake si ya bure. Anaondoka Ngara kwenda Kitengela na kukuta gari ni la mwaka au aina tofauti na aliyoambiwa. Anafika na kugundua kwamba ufunguo uliosemekana ni wa akiba haufanyi kazi, na kwamba kompyuta haina hata ufunguo mmoja hai wa kuanzia, jambo linaloifanya kazi iwe ngumu zaidi na ya gharama zaidi. Wakati mwingine mteja hubadili nia fundi akiwa tayari ametumia nauli. Lakini hakuna hata moja kati ya haya linalohalalisha bei ya kushtukiza. Yote hutatuliwa kwa mambo kusemwa mapema. Fundi anaweza kutenga ada ya safari na kuitaja kabla hajaondoka; ikikubaliwa, ni deni halali hata kazi isipofanyika. Anaweza kutoa bei mbili, moja kama kuna ufunguo unaofanya kazi na nyingine kama hakuna. Akikuta hali tofauti, asimamishe kazi, aeleze, na apate kibali kipya kwa ujumbe wa simu kabla hajaendelea. Nawe una wajibu wako: mtumie mapema aina ya gari, mwaka, picha ya ufunguo kama upo, na ukweli kuhusu kilichotokea. Makadirio yaliyojengwa juu ya maelezo ya uongo ya mteja hayawezi kumfunga fundi kwa haki.

Kuna kosa moja ambalo sheria hulitaja waziwazi, na ambalo kwenye kazi za funguo hujitokeza kwa sura yake halisi. Ni pale mtoa huduma anayeshikilia mali ya mteja anapoitumia hali hiyo kumlazimisha kujadili bei upya. Fundi ameshika ufunguo wako wa zamani, au ameacha dashibodi wazi na kompyuta katikati ya programu, kisha anasema bei imepanda mara mbili na hataendelea bila nyongeza. Hicho ni kitendo kisicho cha haki chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji. Vivyo hivyo kutoza bei inayopita kwa mbali sana ile ambayo huduma kama hiyo hupatikana kwa urahisi, huku mtoa huduma akijua kuwa mteja hana namna ya kujitetea, kunaweza kuhesabiwa kuwa unyonyaji. Makubaliano yaliyofikiwa kwa njia hiyo mtumiaji anaweza kuyavunja, mradi atoe notisi ndani ya mwaka mmoja, na anaweza kudai fidia. Ila usisome hapa kwamba fundi hana haki ya kulipwa kwanza. Anaweza kuuzuia ufunguo mpya aliouchonga mpaka alipwe bei iliyokubaliwa, kwa kuwa ni kazi ya mikono yake ambayo bado haijalipiwa. Asichoweza ni kuzuia vitu vyako vingine, kama kitambulisho, hati na ufunguo wa zamani, wala kuugeuza ufunguo mpya kuwa chambo cha kudai zaidi ya mlichoafikiana.

Ufunguo uliopotea bado unafungua

Katika madai ya ubora, kosa la kawaida la mteja ni kulipa mara tu injini inapowaka. Jaribu kila kitu fundi akiwa bado hapo: ufunguo ufungue mlango kwa chuma chake, ufungue buti, uwashe gari zaidi ya mara moja, na vitufe vya rimoti vifanye kazi ukiwa hatua kadhaa kutoka kwenye gari. Kama ni wa kubonyeza kitufe, hakikisha chuma cha dharura kilichofichwa ndani ya rimoti nacho kimechongwa, maana siku betri itakapokufa ndicho kitakachokuingiza. Kasoro iliyoonekana na kuandikwa siku ile ile ni rahisi kuithibitisha kuliko inayoripotiwa wiki tatu baadaye, hata kama dhamana ya siku 90 bado inaendelea.

Jambo ambalo wateja hulisahau kabisa ni ufunguo ule wa kwanza. Kuongeza ufunguo mpya kwenye kompyuta ya gari hakuufuti wa zamani peke yake. Kama ulidondoka mtaroni huenda hakuna shida. Kama uliibwa pamoja na mkoba uliokuwa na kitambulisho na anwani yako, kuna mtu anayeweza kuja kuliwasha gari na kuondoka nalo. Mwambie fundi, kwa maandishi, kwamba kazi unayoilipia ni pamoja na kufuta funguo zote zisizokuwepo, na umwombe akuonyeshe kwenye kifaa chake idadi ya funguo ambazo gari linazitambua sasa. Mkiwa na funguo mbili mkononi na kifaa kinaonyesha tatu, kazi haijaisha. Pia elewa mpaka wa ulinzi huo: chipu ikifutwa, ule ufunguo hauwashi tena gari, lakini chuma chake bado hufungua mlango mpaka vitasa vibadilishwe. Usiache kitu cha thamani ndani.

Kama ufunguo uliibwa, piga ripoti kituo cha polisi upate namba ya OB, na uijulishe kampuni yako ya bima mapema. Wapo watakaosema polisi watawapotezea muda kwa kitu kidogo kama ufunguo. Lakini kwa kawaida mkataba wa bima humtaka mwenye gari achukue tahadhari za kutosha kulilinda, na gari likiibwa bila alama yoyote ya kuvunjwa, swali la kwanza la kampuni litakuwa funguo ziko wapi. Ukiwa na namba ya OB yenye tarehe, pamoja na ujumbe wa fundi unaothibitisha kuwa ufunguo ulioibwa umefutwa, umejibu swali hilo kwa ushahidi. Usome pia mkataba wako, kwani baadhi ya bima kamili hugharamia ufunguo uliopotea, na wengi hulipa mfukoni kitu ambacho tayari wamekilipia kwenye bima.

Kuona hati si kubaki nayo

Mwenye gari anaweza kuuliza kwa haki: kama ninampa fundi kitambulisho, logibuku, namba ya chasisi na mahali ninapoegesha gari, je, sijampa kila anachohitaji mwizi? Wasiwasi huu ni wa kweli, na jibu lake halipaswi kuwa kuacha kuthibitisha umiliki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotekeleza haki ya faragha iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba, inasema data ya mtu ikusanywe kwa lengo lililo wazi, isizidi kinachohitajika kwa lengo hilo, na isihifadhiwe muda mrefu kuliko lazima. Kwa fundi, lengo ni kuthibitisha umiliki, na kuthibitisha hufanywa kwa kutazama. Anaweza kuwa na sababu halali ya kuweka kumbukumbu, kwa mfano jina la mteja, namba ya usajili na tarehe, ili aweze kujibu polisi wakija kuuliza. Hana sababu ya kubaki na picha za pande zote mbili za kitambulisho chako kwenye simu yake binafsi, wala msimbo wa kuchongea ufunguo wako ukiwa umeandikwa kando ya anwani ya nyumba yako. Una haki ya kuuliza anahifadhi nini, kwa nini na kwa muda gani, na ya kutaka kisichohitajika kifutwe. Akitumia data hiyo vibaya, malalamiko hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90.

Dai bila jina haliendi popote

Haki zote hizi zinahitaji mtu wa kudaiwa. Mahakama haiwezi kumwita "fundi wa funguo wa Jumanne," na namba ya simu iliyozimwa haina anwani. Kwa hiyo, kabla kazi haijaanza, pata jina kamili la fundi au la biashara yake, na umwombe leseni ya biashara ya kaunti. Leseni hiyo haithibitishi ustadi, ila inaonyesha kwamba yupo mahali panapojulikana. Lipa kwa namba ya biashara ya M-Pesa kuliko kwa fedha taslimu, kwa sababu ujumbe wa malipo hubeba jina, kiasi, tarehe na saa. Dai risiti inayotaja kazi iliyofanywa, badala ya ile iliyoandikwa "huduma" tu. Usifute mazungumzo ya WhatsApp, na uihifadhi simu yenye mazungumzo hayo. Anayesema makubaliano ya mdomo hayana nguvu anakosea, kwa kuwa makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Ila yakibishaniwa, jumbe tatu fupi zenye bei, maelezo ya kazi na neno "sawa" zina uzito kuliko saa nzima ya kuapa.

Mambo yakiharibika, anza kwa kumwandikia fundi ujumbe wa heshima unaotaja kasoro, unachotaka na siku ya mwisho ya kukitimiza. Migogoro mingi huishia hapo, hasa fundi anapoona kwamba mteja ana kumbukumbu. Asipojibu, malalamiko kuhusu udanganyifu au unyonyaji yanaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai la fedha likapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, haikulazimishi kuwa na wakili, haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Mtu atasema: nani aende mahakamani kwa ajili ya ufunguo? Ufunguo wenyewe huenda usistahili siku ya kazi iliyopotea. Lakini programu ikikatizwa vibaya inaweza kuizima kompyuta nzima ya gari, na ukarabati wake hugharimu mara nyingi zaidi ya ufunguo. Fundi aliyeivuruga kwa uzembe anawajibika kwa hasara hiyo yote, wala hajamaliza kwa kurudisha pesa ya ufunguo. Hasara ikiwa kubwa kuliko uwezo wa mahakama hiyo, au kukiwa na shaka ya jinai, muone wakili. Na asiyemudu wakili aulize kama anastahili kusaidiwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Ukitazama njia hizi zote, utaona kwamba kila mlango unauliza mambo yale yale: gari ni la nani, fundi ni nani, mlikubaliana nini, bei gani, na alibaki na nini. Majibu ya maswali hayo hayatengenezwi baada ya ugomvi. Hupatikana katika dakika chache za mwanzo, fundi akiwa bado anataka kazi na wewe ukiwa bado hujalipa, wakati ambapo pande zote mbili zina sababu ya kusema kweli. Kwa hiyo yaulize yote hata mvua ikiwa inanyesha, yaandike kwenye simu, na umheshimu fundi anayekuuliza yake. Fundi mwaminifu hapotezi chochote kwa maswali hayo, kwani yanamtenga na matapeli wanaomharibia jina na kumpokonya wateja. Na mwenye gari aliyeuliza mapema huingia katika mgogoro wowote akiwa tayari na kile ambacho hakimu, polisi na kampuni ya bima watakidai kwanza.